Marehemu hanywi chai: asikloviri ilivyokwama kichwani kwa mgonjwa wa figo, Moshi

Cheti kilifika dirishani kwangu Jumanne, saa sita mchana kasoro. Asikloviri ya sindano, dawa ya kupambana na virusi, miligramu 620, kila baada ya saa 8, kwa siku 14. Hesabu ilikuwa sahihi: miligramu 10 kwa kila kilo, mgonjwa wa kilo 62. Hata mwandiko ulisomeka, jambo ambalo kwetu famasi si la kila siku. Nilishashika funguo za kabati ndipo nikaona neno ambalo muuguzi alikuwa amelizungushia duara pembeni, kwa kalamu nyekundu: dayalisisi, yaani mgonjwa anasafishwa damu kwa mashine.

Nikarudisha funguo mfukoni nikapanda wodini.

Kisa hiki mgonjwa mwenyewe ameridhia kiandikwe. Jina halimo, hospitali sitaitaja, na mambo mawili matatu ya nyumbani nimeyageuza ili asitambulike. Vipimo na dozi nimeviacha vilivyokuwa.

Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka 61, wa Kibosho. Ana kisukari na presha kwa muda mrefu, figo zilishachoka, na kwa miaka miwili sasa anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Mkojo anaopata kwa siku haujazi hata kikombe cha kahawa. Kila mtu anamwita Mwalimu, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari bingwa, na yeye hujibu "naam" kama vile bado yuko mbele ya darasa la tano.

Binti yake ndiye aliyenipa mfululizo wa mambo, kwenye benchi la korido, akiwa na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Alhamisi alisafishwa damu vizuri. Ijumaa jioni ubavu wa kulia ukaanza kumwaka moto. Jumamosi asubuhi malengelenge yakajitokeza kwa mstari, kuanzia chini ya titi hadi karibu na uti wa mgongo, upande mmoja tu. Mkanda wa jeshi. Hapo hakuna aliyehitaji daktari kuutambua.

Na hapo ndipo kisa kilipoanzia, kabla ya dawa yoyote. Mkanda wa jeshi kwetu hauji peke yake, unakuja na minong'ono. Tangu miaka ya tisini, mtu akionekana na mkanda, majirani wanahitimisha kabla ya kipimo. Kweli, UKIMWI huongeza uwezekano wa kuupata, lakini mkanda ni virusi vilevile vya tetekuwanga vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni, na umri peke yake unatosha kuviamsha, achilia mbali kisukari na figo. Mwalimu aliyajua hayo yote, maana amewahi kuyafundisha. Hayakumsaidia. Alimwambia binti yake: "Sitakwenda pale wanivue nguo mbele ya watu ninaokaa nao viti vya jirani." Akampiga marufuku kumwambia mtu yeyote, akiwemo baba yake.

Binti akapiga picha ya ubavu kwa simu akashuka mjini. Muuzaji wa dawa aliitazama picha, akasema ni mkanda wa jeshi, akauliza umeanza lini, akatoa asikloviri ya miligramu 400: vidonge viwili mara tano kwa siku, siku saba. Akapima kwa macho shaka ya binti akaongeza kwamba dawa hii ni salama, haina shida. Aliutambua ugonjwa ipasavyo, aliuliza siku, na alitoa dozi ileile iliyoandikwa vitabuni kwa mtu mzima mwenye mkanda: miligramu 800 mara tano. Kwa mtu mwenye figo nzima, huwezi kumlaumu kwa lolote. Swali la figo tu ndilo hakuuliza, na binti aliyeapishwa kunyamaza hakulisema.

Dozi ya kwanza ilimezwa Jumamosi saa nane mchana. Binti aliweka kengele kwenye simu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Alikuwa mtunzaji mzuri, na siku ile uzuri huo ulikuwa balaa, kwa sababu hakukosa kengele hata moja. Jumatatu Mwalimu akapiga simu kwenye kitengo cha dayalisisi akasema ana mafua, atakuja Alhamisi. Jumatatu saa mbili usiku mikono ikaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito. Saa nne binti akampa vidonge viwili vingine. Anasema maji yalimwagika yote kifuani, ikabidi amshikie kikombe.

Jumanne alfajiri akampa tena, pamoja na chai ya maziwa. Mwalimu akakitazama kikombe kwa muda, akasema kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kosa la mtoto: "Mnaninywesha chai ya nini? Marehemu hanywi chai." Kisha akauliza mbona hawajaanza kuchimba, na kwamba anataka kulala kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, upande wa mama mkwe wake, si kule karibu na banda. Hakuwa na woga wala kilio. Alikuwa amekufa, na alikuwa anashangaa mazishi yanavyochelewa.

Katekista akaitwa, na shangazi mmoja akataka aitwe mtu wa namna nyingine. Mzee wa nyumba akakata shauri: gari, hospitali.

Hadi nafika wodini walikuwa wameshafanya mengi, na kwa haki. Sukari 7.8. Kipimo cha haraka cha malaria, hakuna. Kipimo cha VVU, hana. Joto 36.9. Presha 168 kwa 94. Potasiamu 5.8, imepanda ila si ya kutisha kwa mtu aliyeruka dayalisisi. Picha ya CT ya kichwa haikuonyesha damu wala kiharusi. Maji ya uti wa mgongo yalitoka meupe kama ya chemchemi: seli mbili tu, protini na sukari kawaida. Shingo ilikuwa laini. Alijua jina lake. Mwaka alikosea. Kila baada ya dakika kadhaa mkono au bega liliruka ghafla, kama mtu anayeshtuka akisinzia.

Daktari wa zamu, kijana makini, aliwaza hivi: mgonjwa ana virusi vya tetekuwanga vilivyoamka, kinga yake ni dhaifu, na amechanganyikiwa. Virusi vimepanda kwenye ubongo. Ubongo ukivamiwa na virusi hivi, au na ndugu zao wa herpesi, kuchelewa ni kuua, na dawa ni asikloviri ya sindano kwa dozi kubwa. Maji safi ya uti wa mgongo hayakumtuliza, maana siku za mwanzo yanaweza kudanganya. Kipimo cha vinasaba vya virusi kwenye maji yale kilipaswa kusafirishwa, na majibu yasingetufikia siku hiyo wala kesho yake. Akaandika cheti. Ningekuwa mimi, bila ile duara nyekundu, huenda ningeandika hichohicho.

Nikamwomba binti mfuko wa dawa.

Ulikuwa mfuko wa plastiki mweusi, ndani yake bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa wino wa bluu "2 × 5", chupa ya losheni ya kalamini, na karatasi ya panadoli. Nilitafuta hasa kapsuli za gabapentini, ambazo hutolewa sana kwa maumivu ya mkanda, kwa kuwa nazo hutoka mwilini kupitia figo na zikilundikana huleta mtetemo na mirusho ya namna ileile. Hazikuwemo. Nikamwaga vidonge vya asikloviri juu ya trei ya chuma nikavihesabu kwa wawili wawili. Vilikuwa 42. Alianza na 70. Kwa hiyo vimemezwa 28, dozi 14, gramu 11.2, kwa mtu ambaye figo zake hazitoi kitu na ambaye mashine ya mwisho aliiona siku tano zilizopita.

Sasa tulikuwa na magonjwa mawili yanayofanana sura, na tiba ya moja ndiyo sumu ya jingine. Ukiamini virusi vimo ubongoni, ongeza asikloviri. Ukiamini asikloviri ndiyo imo ubongoni, ikomeshe na uitoe. Njia ya katikati, ya kungoja tuone, ilikuwa mbaya kuliko zote mbili.

Nilimwonyesha daktari hesabu nyuma ya cheti chake mwenyewe. Asikloviri, mtu mwenye figo nzima, hupungua nusu kwa muda wa saa 3 hivi. Mtu asiye na figo, muda huo ni karibu saa 20. Chukua nafasi ya saa 4 kati ya dozi na dozi. Mwenye figo, dozi ya pili inaikuta ya kwanza imebaki asilimia 40. Mwalimu, inaikuta imebaki asilimia 87. Rundika hivyo kwa kengele zote 14, na Jumanne alfajiri mwenye figo angekuwa na dozi moja na robo mwilini, Mwalimu ana dozi tano na nusu. Hesabu hii ni ya mezani, haijali mambo mengi, lakini inatosha kuonyesha upande mambo yalikoelemea.

Kisha ile sindano. Asikloviri ya kumeza inafyonzwa vibaya, kiasi cha moja ya tano huingia kwenye damu, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo gramu 4 alizomeza kwa siku zilimpa, tukizidisha sana, miligramu 800 kwenye damu. Sindano huingia yote. Miligramu 620 mara tatu ni 1,860. Tulikuwa tunakaribia kumpa kwa siku moja zaidi ya maradufu ya kile ambacho huenda kilikuwa kimemfikisha hapo.

Daktari akakaa kimya, halafu akauliza swali ambalo lilikuwa ndilo lenyewe: "Lakini dawa hii si ni ngumu kuingia kwenye ubongo? Ndiyo sababu tunatoa kubwa."

Ni kweli ubongo haupokei wageni ovyo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama, akaona viungo karibu vyote vimekolea isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann akafanya kinyume: akadunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ukakolea ubongo, mwili mwingine ukabaki hivyohivyo. Kulikuwa na ukuta katikati. Ukuta wenyewe ni ngozi ya ndani ya vimishipa vya damu. Mahali pengine mwilini seli za vimishipa hivyo zina nyufa kati yake, dawa inapenya. Kwenye ubongo zimeshonwa zikabana. Na vimishipa ni vingi mno: vya mtu mmoja vikiungwa mwisho kwa mwisho vinakadiriwa kufika kilomita 600 na zaidi, safari ya basi kutoka Moshi mpaka Dar na chenji inabaki.

Kupita hapo kuna njia chache. Dawa ndogo inayopenda mafuta hujipenyeza kwenye utando wa seli. Nyingine hubebwa na protini maalumu kama abiria. Iliyoshikamana na protini za damu haipiti, ile iliyo huru tu ndiyo hujaribu. Asikloviri ni ndogo, sehemu kubwa yake iko huru kwenye damu, ila haipendi mafuta, hivyo huingia polepole. Hata hivyo huingia: kwenye maji ya uti wa mgongo hufikia kama nusu ya kiwango kilichoko kwenye damu. Kwa dawa ya virusi hiyo ni nyingi, na ndiyo iliyoifanya iokoe watu wenye herpesi ya ubongo.

Tunapenda kuuliza inaingiaje. Kwenye kisa hiki mlango wa kuingilia ulikuwa uleule wa watu wote. Mashaka yangu yalikuwa kwenye kutoka.

Ubongo hutoa taka kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mtiririko: maji ya ubongo na uti wa mgongo ni mililita 150 hivi kwa wakati mmoja, lakini zinatengenezwa kama 500 kwa siku, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu na zaidi kila siku na kurudi kwenye damu. Ya pili ni pampu, protini zilizokaa kwenye kuta za vimishipa na kwenye kifundo kinachotengeneza maji hayo, zinazonyaka vitu na kuvitupa nje kwenye damu. Mojawapo, OAT3, kazi yake ni kuondoa vitu vyenye tindikali. Ni jamaa wa pampu zilezile za figo. Probenesidi, ambayo zamani ilitumika kuzuia figo zisiimwage penisilini haraka, hufanya hivyo kwa kuzifunga pampu za ukoo huu.

Asikloviri yenyewe si mkorofi sana. Ni dawa yenye akili: imelala mpaka ikutane na kimeng'enya cha virusi kinachoiamsha, kwa hiyo ndani ya seli isiyo na virusi haina la kufanya. Gertrude Elion, aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili. Sifa hiyo ya upole ndiyo imeifanya iuzwe kama panadoli. Lakini sehemu yake ndogo mwilini hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho CMMG, chenye tindikali, ambacho figo nzima hukitoa bila mtu kujua kama kilikuwepo. Figo zikifa, kinabaki. Mwaka 2006 watafiti, wengi wao wa Sweden, waliripoti kwamba walikikuta kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliochanganyikiwa wakiwa kwenye asikloviri au ndugu yake valasikloviri, na hawakukikuta kwa wale waliotumia dawa hizo wakabaki na akili zao. Baadaye wakaeleza wagonjwa wa aina hiyo waliosadiki kabisa kwamba wamekufa. Niliposikia habari ya chai, hicho ndicho kilichonijia kichwani.

Kwa nini CMMG ikwame? Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: damu ya mgonjwa wa figo imejaa taka nyingine zenye tindikali zinazogombea pampu hiyohiyo. Huku CMMG imerundikana kwenye damu hivyo mteremko wa kutokea haupo tena, kule pampu imesongwa na foleni ya taka nyingine. Sehemu hiyo ya pili ni nadharia inayopatana na tunavyoziona pampu hizi zikifanya kazi maabara. Sehemu ya kwanza ni hesabu tu ya figo.

Mzee, mume wa Mwalimu, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo akisikiliza. Katika ujana wake alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mfongo kijijini kwao, ile mifereji inayoshusha maji ya mlima kwenye vihamba. Nilipomgeukia kumweleza kwa lugha ya kawaida akanikatiza: "Kwa hiyo baba, maji ya juu hamkuongeza. Nduwa imejaa kwa sababu huku chini pameziba." Nduwa ni bwawa la kukusanyia maji ya mfongo. Nikamjibu ndivyo, Mzee. Akauliza tutazibua saa ngapi.

Daktari bingwa alifika, tukabishana kama dakika ishirini. Vilivyotuelemeza upande wa sumu vilikuwa hivi: dalili zilianza saa hamsini na kitu baada ya dozi ya kwanza, na madhara haya kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Homa hapana, kichwa hakimuumi, hakuna upande uliolegea, maji ya uti safi. Mirusho ya misuli na lile wazo la kifo vinaelekea kwenye dawa kuliko kwenye virusi. Kilichobaki ni hofu, na hofu ile ilikuwa halali. Tukakubaliana: asikloviri isimame, asafishwe damu leo usiku kwa saa 4, kesho tena. Kama baada ya mara ya pili hakuna nafuu, maji ya uti wa mgongo yatolewe upya na asikloviri ya sindano ianze kwa dozi ya mtu asiye na figo, mara moja kwa siku, baada ya mashine. Cheti cha 620 nikakipiga mstari, daktari wa zamu akasaini pembeni. Hakukuwa na kununa.

Dayalisisi huiondoa asikloviri vizuri kwa sababu ni ndogo na haijashikamana sana na protini. Ukiwa kwenye mashine, ule muda wa nusu hushuka kutoka saa 20 hadi chini ya 6. Saa nne zinatoa kama asilimia 40 ya iliyomo kwenye damu. Ila mashine inasafisha damu, haigusi ubongo. Ubongo unangoja damu iwe safi ndipo umwage ya kwake kwa mwendo wake, kwa hiyo usitegemee mtu aamke sindano zinapochomolewa. Familia nyingi hukata tamaa usiku huo. Niliwaambia mapema.

Usiku wa Jumanne alilala. Jumatano asubuhi alikuwa bado marehemu, ila marehemu mwenye njaa. Jumatano jioni, baada ya mashine ya pili, mirusho ilikuwa imepungua, na alimwita binti yake kwa jina akamwuliza nani anawapa ng'ombe majani. Alhamisi alfajiri aliomba chai. Jumamosi akaenda nyumbani. Malengelenge yalikuwa yamekauka yenyewe, hakurudishiwa asikloviri ya aina yoyote.

Msomaji mkali ataniuliza, na afadhali aniulize: umejuaje si taka za figo tu? Aliruka mashine, mkampa mashine, akapona, hapo asikloviri imeshtakiwa kwa ushahidi gani? Pingamizi hili ni zito, kwa sababu dayalisisi inatibu yote mawili kwa mpigo, na kipimo cha asikloviri au CMMG kwenye damu hatukuwa nacho. Jibu langu limo kwenye faili lake la zamani. Masika ya mwaka uliotangulia barabara ya kwao ilikatika, akakaa siku saba bila mashine. Alikuja amevimba miguu, anahema, anatapika, na anasahihisha Kiswahili cha wauguzi. Safari hii siku tano zilimtoa duniani. Tofauti kati ya mara ile na hii ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki. Sina ushahidi zaidi ya huo.

Na nisiache ieleweke kwamba dozi iliyopunguzwa ingekuwa kinga kamili. Kwa mtu kama yeye vitabu vingi huruhusu miligramu 800 kila baada ya saa 12. Angemeza dozi sita badala ya kumi na nne, na kwa hesabu yangu ileile angekuwa na dozi mbili na theluthi mwilini asubuhi ile. Ni chini ya nusu. Lakini wapo wagonjwa wa dayalisisi waliochanganyikiwa hata kwa dozi zilizopunguzwa, kwa hiyo mtu wa namna hii akipewa, mtu wa nyumbani aambiwe cha kuangalia: mikono, ulimi, maneno.

Wenzangu wa kliniki za VVU wanaijua milango hii kwa sura nyingine. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za VVU, karibu yote imeshikamana na protini, kile kidogo kinachovuka ndicho kilichowapa watu ndoto za ajabu kwa miaka mingi kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake. Tenofoviri huvuka kidogo, zidovudini huvuka vizuri. Atazanaviri ikikanyaga tu kizingiti, pampu nyingine iitwayo P-glikoprotini huirudisha kwenye damu, na hapo hutokea kioja cha mgonjwa ambaye kipimo cha damu hakioni virusi huku kwenye maji ya uti wa mgongo vinazaliana. Mwaka 2008 mtafiti Letendre na wenzake walipendekeza namna ya kuzipa dawa hizi alama kwa uwezo wa kufika ubongoni. Orodha ile inasaidia, ila inapima upande mmoja. Mwalimu angeweza kusoma orodha nzima ya kuingia na isimwambie lolote kuhusu Jumanne yake.

Muuzaji wa dawa tulimpigia simu, si kwa kumshitaki. Alisikitika sana. Mimi nilikuwa na sikitiko langu. Orodha ya dawa za Mwalimu pale dayalisisi ilikuwa na saini yangu, na saini hiyo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Kwa muda wote huo hakuna aliyemwambia kwamba kuna dawa za dukani asizopaswa kumeza kabla ya kutuuliza. Tulikuwa tumemwambia habari za ndizi na potasiamu mara zisizo na idadi. Na alipopiga simu Jumatatu kwamba ana mafua, aliyepokea aliandika "mafua" akaendelea na kazi. Mgonjwa wa dayalisisi haghairi mashine kwa mafua. Siku hizi akighairi mtu tunampigia tena jioni, tunauliza anameza nini, tukiwa peke yetu na yeye kwenye simu.

Mwalimu mwenyewe anakumbuka vipande. Anakumbuka kwamba alikuwa amekufa na kwamba halikuwa jambo baya. Anakumbuka kwaya ikiimba, na hakuna kwaya iliyoimba. Kilichomkera, anasema, ni sauti ya tatu, walikuwa chini kidogo.

Malengelenge yameacha makovu meupe na maumivu ya kuchoma, hasa usiku, nguo ikigusa. Hilo ni la kawaida kwa umri wake na linaweza kuchukua miezi. Wiki ya tatu tulimwanzishia gabapentini, ileile niliyoitafuta kwenye mfuko mweusi. Miligramu 100, kapsuli moja, Jumatatu na Alhamisi tu, baada ya mashine. Haendi nazo nyumbani. Muuguzi humpa mkononi sindano zikishachomolewa, naye huimeza kwa chai.